Kuwinda kulungu kihalali Pennsylvania: leseni, misimu, na yule dume niliyempiga kimakosa

Mleta mada kauliza hivi: amehamia Pennsylvania miezi minne iliyopita, ana grinikadi (kadi ya mkaazi wa kudumu), kila Desemba wenzake kazini wanajaza friza nyama ya kulungu, naye anataka kujua kama inatosha kununua bunduki na kuingia porini, "maana msitu wenyewe hauna geti". Wachangiaji wawili wamemjibu nenda tu, Marekani hiyo.

Mkuu, usiende tu. Mimi nawinda huku kaskazini-magharibi, upande wa Erie, na huu ni msimu wangu wa saba. Nimezaliwa Handeni, babu alikuwa mtu wa nyavu na mbwa, kwa hiyo nilikuja huku nikijiona mjuzi. Nikaja kunyooshwa.

Kwanza makaratasi, kwa sababu kwetu wahamiaji hapo ndipo penye moto. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua na kumiliki bunduki. Wenye viza za muda, wanafunzi na wengineo, sheria ya shirikisho inawakataza kushika bunduki isipokuwa wanapoingia kwenye misamaha michache, mmojawapo ukiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. Asiye na makaratasi kabisa asiguse. Ukifika dukani utapewa fomu inayouliza uraia wako. Isome polepole. Nimeona watu wanajaza fomu za Marekani kama wanajaza kadi ya kliniki, tiki tiki tiki, na tiki moja ya "raia wa Marekani" wakati wewe si raia inaweza kukufungia mlango wa uraia moja kwa moja. Hapo kulungu utamsahau.

Leseni sasa. Kabla ya leseni ya kwanza lazima upite darasa la usalama wa uwindaji. Lipo la ana kwa ana, halina ada, na lipo la mtandaoni la kulipia. Chukua la ana kwa ana. Kule mtandaoni hakuna mzee wa miaka sabini atakayekushika kiwiko na kukuonyesha namna ya kuvuka uzio ukiwa na bunduki. Ukishafaulu, leseni ya mkazi mtu mzima ni dola 20.97. Miezi minne yako inatosha, kwani ukazi wa jimbo wanahesabu siku 30 mfululizo. Asiye mkazi analipa 101.97. Leseni inaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, si Januari hadi Desemba.

Kwa bei hiyo unapata tagi, lebo ya kumfungia mnyama, ya dume mmoja mwenye pembe. Mmoja, kwa mwaka mzima. Ukitaka jike unanunua kibali kingine, dola 6.97, na kinafanya kazi kwenye eneo lililoandikwa juu yake tu. Hadi miaka michache iliyopita vibali hivi viliombwa kwa bahasha za waridi zilizotumwa kwa posta kwa mweka hazina wa kaunti, na wazee hapa bado wanazililia kama tunavyolilia simu za kuzungusha. Siku hizi ni kompyuta.

Misimu: upinde na mshale unaanza mapema, majani yakigeuka rangi. Bunduki inaanza Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani mwishoni mwa Novemba, na inachukua wiki mbili. Baada ya Krismasi kuna msimu wa gobori la jiwe, ndiyo, gobori kabisa kama la kina babu, na wapo wanaolipenda kuliko bunduki za kisasa. Jumapili ilikuwa marufuku karibu kabisa kwa zaidi ya karne. Mwaka 2019 walifungua Jumapili tatu, na 2025 ikapita sheria ya kuondoa katazo lenyewe. Tunaofanya kazi Jumamosi tulishangilia. Tarehe kamili soma kwenye kitabu cha mwaka huo cha Pennsylvania Game Commission, yaani tume ya wanyama ya jimbo. Usichukue tarehe kwangu wala kwa mfanyakazi mwenzako.

Ukali huu una sababu yake. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kulungu jimboni hapa walikuwa karibu kwisha, kwa risasi na ukataji miti. Tume ya wanyama iliundwa 1895, na kuanzia 1906 wakaleta kulungu kutoka Michigan kuja kupanda mbegu upya. Mnyama ni mali ya umma, hata akilala nyuma ya nyumba ya mtu. Ndiyo maana nyama ya kulungu wa porini huuzi, hata kilo moja kwa jirani. Unampa bure au unakula. Aliyezoea bucha za nyamapori za nyumbani hili alishike mapema.

Sasa kisa changu. Hawa nawaita kulungu kwa sababu sote tunawaita hivyo, lakini kulungu wa kwetu ana pembe mbili za kudumu. Huyu wa huku pembe zake zina matawi, na kila mwaka zinaanguka na kuota upya. Dume halali anahesabiwa kwa ncha za matawi hayo. Sehemu kubwa ya jimbo ni ncha tatu upande mmoja. Huku kwetu magharibi ni tatu bila kuhesabu ile ya chini, iliyo juu ya jicho.

Mwaka wangu wa tatu, nimeegemea mwaloni kwenye ardhi ya umma, theluji nyepesi, saa moja na nusu asubuhi. Dume akatokea hatua kama sitini, kichwa ndani ya vijiti. Nikahesabu: moja, mbili, tatu. Nikasema Bismillah, nikafyatua. Akaanguka palepale. Nilipofika, "ncha" ya tatu ilikuwa kijiti cha mti kilichosimama nyuma yake. Alikuwa na mbili na ile ya jicho. Ningekuwa saa moja mashariki kwa gari, mnyama yuleyule angekuwa halali.

Nilisimama pale kama dakika kumi. Shetani ana maneno matamu porini: hakuna aliyekuona, mkate vipande, nenda zako. Kilichonizuia, niseme ukweli, si ucha Mungu bali fomu ya kuomba uraia, ile inayouliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Nikapiga simu ya tume mwenyewe, nikamtoa matumbo kama nilivyoelekezwa, nikangoja. Bwana nyama akaja, kijana mpole, akahesabu pembe, nikaandika maelezo, akachukua mnyama mzima. Fidia niliyolipa haikufika nusu ya bei ya viatu nilivyovaa. Ningekutwa nimemficha, ni faini ya kweli na leseni kusimamishwa, na majimbo karibu yote yana mkataba wa kutambuana, kwa hiyo huwezi kukimbilia Ohio. Akaniambia mambo ya kuhesabu kwenye vijiti yanatokea kila mwaka, na kwamba wanaopiga simu huwa anawakumbuka kwa uzuri. Nyama niliilia kwa macho.

Mengine kwa haraka. Vaa rangi ya chungwa kali, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni, ionekane pande zote. Kofia na kizibao vinatosha. Usifyatue ndani ya yadi 150 za nyumba yenye watu. Kuwinda kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na kumulika kwa taa ili upige ni ujangili kama kule kwetu. Bunduki ndani ya gari iwe tupu. Sehemu kubwa ya jimbo bunduki za kujijaza zenyewe haziruhusiwi kwa kulungu, hivyo duka likikusifia moja, liache. Tagi unajaza na kufunga sikioni kabla hujamsogeza mnyama, kisha unaripoti ndani ya siku 10. Na miti yenye mistari ya rangi ya zambarau si urembo, ina maana usiingie. Kwa kuanzia tumia State Game Lands, ardhi za umma za kuwindia, zipo zaidi ya 300.

Kuna aliyeuliza kama nyama hii ni halali kuila kidini. Mimi nataja jina la Mungu kabla ya kufyatua. Zaidi ya hapo muulize sheikh wako, usimuulize fundi friji. Jikoni ondoa mafuta yote, yanaganda mdomoni kama nta. Paja lilale na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu usiku mzima, kisha tui.

Madarasa ya ana kwa ana hujaa Agosti, jiandikishe Juni. Ukiwa upande wa Erie niandikie faragha, kizibao cha pili ninacho, na ule mwaloni bado upo.