Notisi ni siku 28, siyo "mwezi ukianza"

Dada, unasema unaacha kazi na bosi anadai notisi yako inaanza mwezi ujao ukianza; hapo anakuzungusha. Barua ya kuacha kazi umeikabidhi 4 Machi, ya kuhesabu kuanzia 1 Aprili inatoka wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hapa Tanzania, inasema siku 28 kwa aliyeajiriwa kwa mwezi. Mkataba ukitaja muda mrefu zaidi unakubana, ila lazima uwe sawa kwenu wote wawili. Kama ulichukua likizo humo katikati, siku hizo hazihesabiwi, hapo wana haki. Nakala yako ya barua ina muhuri wa mapokezi? Mimi Moshi sikuwa nayo, nikabaki kubishana na sekretari. Wakikukata mshahara, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaoshughulikia migogoro ya kazi, hapo Arusha, usivushe siku 60.