Uliza Anti wa Pesa: Bwanangu anataka ploti, mimi nataka tupumue

Habari Anti. Mimi ni karani wa akaunti hapa Nakuru, bwanangu ana kaduka ka spea za pikipiki. Tunakaa Kiamunyi, bedroom mbili, rent 18,000, watoto wawili. 2019 nilikuwa najiona mtu wa maisha ya kati kabisa, kagari, nyama choma Jumapili, watoto shule ya praiveti. Saa hii grosi yangu ni ile ile 68,000, gari tuliuza na tarehe 20 naanza kukopa kwa simu. Bwanangu anataka nichukue loni ya sako ya 800,000 tununue ploti ya futi hamsini kwa mia kwa broka fulani, ati kulipa rent ni kutupa pesa. Mimi nimejisajili Boma Yangu, ile ya nyumba nafuu za serikali, nikijua ile pesa wananikata ya nyumba itahesabiwa kwa nyumba yangu. Nani yuko sawa?
Mama Wawili, Kiamunyi

Mama Wawili, pole mamangu, na kwanza toa hiyo ya "najiona". 2020 KNBS, wale wa takwimu za taifa, walipopanga upya mafungu ya matumizi ya Nairobi, familia inayotumia 46,355 kwenda chini kwa mwezi iliwekwa kipato cha chini, na tabaka la kati likaanzia hapo mpaka 184,394. Kabla ya hapo mstari ulikuwa 23,670. Kwa hivyo kuna watu walilala wakiwa wa kati wakaamka wa chini na hawakufutwa kazi wala nini. Hiyo ni Nairobi lakini Nakuru nayo si ile ya zamani, tangu tupewe hadhi ya jiji Desemba 2021 kila landlodi anaongea ki-jiji.

Sasa toa peislipu. Kwa grosi ya 68,000, nyumba wanakata asilimia 1.5, hiyo ni 1,020. SHIF, ile ya afya, ni 1,870, na NHIF iliyokuwa mahali pake ulikuwa unakatwa 1,300. NSSF yenyewe, ile ya uzeeni, hiyo ndio inauma, ilikuwa 200 na sasa ni 4,080. PAYE, kodi ya mshahara, inashuka kidogo kwa sababu hayo makato hayatozwi kodi tena, lakini bado umepoteza maelfu na mshahara haujasonga, na hapo sijagusa unga, fees na nauli. Hujakosea kupanga bajeti mamangu, bajeti ndio imepunguzwa chini yako.

Kuhusu Boma Yangu, hapo umekosea kidogo na sio wewe peke yako, naulizwa hii kila wiki. Yale makato ya 1.5 sio akiba yako. Ni tozo, kama kodi. Hayakuwekei nyumba, hayakupi pointi, usipopata nyumba hurudishiwi. Ukitaka nyumba ya serikali unaweka dipositi yako mwenyewe, juu ya yale makato. Kwa mshahara wako uko fungu la 20,000 hadi 149,000, kwa hivyo hujakosea kujisajili, ni bure. Angalia tu zile za Bondeni, hapo karibu, uende mwenyewe uone ukubwa wa vyumba kabla hujapenda picha.

Na mkopo wa nyumba wa benki? Milioni 3 kwa miaka 20, riba ya asilimia 15, unalipa kama 39,500 kila mwezi. Ukipata ile ya pesa za KMRC, kampuni inayopatia mabenki na sako pesa nafuu ndio wakukopeshe chini ya asilimia 10, tuseme 9, inakuwa 27,000. Bado sheria ya kazi inasema makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara, na peislipu yako tayari ina makato. Ndio maana nchi nzima mikopo ya nyumba ni kama elfu 30 tu. Nchi ya watu zaidi ya milioni 50!

Sasa bwana yako. Mwambie Anti anamheshimu, lakini hesabu yake haijakaa. 800,000 kwa miaka minne, asilimia moja kwa mwezi, ni kama 21,000 kila mwezi, na bado mtakuwa mnalipa landlodi 18,000 kwa sababu ploti haina mlango. Yaani 39,000 mkilala pale pale Kiamunyi. Rent sio kutupa pesa, unanunua mahali watoto wanalala. Kutupa pesa ni kununua ploti kwa broka bila kufanya sachi kwa ofisi ya ardhi, halafu kama ni shamba unasahau kibali cha bodi ya ardhi, halafu unachimba kisima unapata maji ya floraidi yanawatia watoto meno ya kahawia, na Nakuru yote tunajua hayo meno. Wenye nyumba upande wa Mwariki waulizwe pia, ziwa lilipanda likaingia sebuleni. Malizeni zile loni za simu kwanza, mhamie ya 13,000 ikiwezekana, tofauti iingie sako kama hisa sio kama deni. Mkifika 300,000 ndio tuongee ploti. Atanuna wiki mbili hivi.

Anti, landlodi wa Migosi, Kisumu, amepandisha kutoka 12,000 hadi 15,000, ati KRA, wale wa ushuru, wameongeza kodi, na nisipolipa nitoke kwa wiki mbili. Sina mkataba, nalipa kila mwezi. Kuna sheria?
Jirani wa Kondele

Ile sheria ya kudhibiti rent inalinda nyumba za hadi 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo hiyo sahau. Lakini kodi ya mapato ya rent ilishuka Januari 2024, kutoka asilimia 10 hadi 7.5, mwambie polepole ukimwangalia machoni. Na kukutoa, sheria ya ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua kipindi unacholipia, yaani mwezi mzima. Mwombe aandike kwa karatasi. Wengi wakiambiwa kuandika wanaanza kuongea 13,500.