Lithiamu, kiu na funga ya Ramadhani katika joto la Mombasa

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 34, naishi Kisauni na kazi yangu ni kupakia mizigo katika ghala moja la Shimanzi. Mwaka juzi nilipatikana na ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na tangu hapo nameza lithiamu miligramu 800 kila usiku. Ramadhani iliyopita nilifunga. Kufikia siku ya kumi na mbili mikono ilikuwa ikitetemeka hata kikombe cha uji kikanishinda kushika, nikaharisha, na nikawa nayumba kama mlevi. Nikaacha dawa bila ya kumwambia mtu. Baada ya Idi nilikaa siku nne bila kulala wala kuhisi uchovu, nikakopa pesa za kununua bodaboda tatu, na deni hilo nalilipa hadi leo. Mama yangu anasema dawa za hospitali zimenichosha mwili na anataka nisomewe na ninywe kombe. Je, naweza kufunga mwaka huu? Na mbona dawa hiyo hiyo ilinikaa vizuri miezi mingine yote?

JIBU: Ndugu yangu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa lile la kufunga haliwezi kujibiwa kabla yake.

Lithiamu si kama dawa nyingi nyingine. Ni elementi iliyo jamaa ya sodiamu, ile iliyomo katika chumvi tunayotia chakulani, na figo huzitendea hizo mbili karibu sawa. Ini haliivunjivunji, karibu yote uliyoimeza hutoka kwa njia ya mkojo ikiwa vile vile ilivyoingia. Mwili unapopungukiwa na maji na chumvi, figo huanza kuizuia sodiamu isipotee, na kwa sababu haziipambanui vyema na lithiamu, huirudisha hiyo nayo katika damu. Ndiyo maana mtu anaweza kumeza vidonge vile vile kila usiku, asizidishe hata kimoja, na bado kiwango kikapanda.

Kupanda huko kusingekuwa na uzito lau dawa ingekuwa na nafasi pana kati ya kutibu na kudhuru, lakini nafasi yake ni finyu. Kwa mtu aliyetulia, kwa kawaida tunataka damu iwe na milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Katika mania kali, yaani akili inapochangamka kupita kiasi, huenda tukaruhusu ifike 1.0, na ikipita 1.5 tunazungumzia sumu, ingawa wapo wanaoanza kuumwa kabla ya hapo. Sasa tazama hali yako ya mwaka jana. Miaka hii Ramadhani imeangukia katika kaskazi, wakati ambapo Mombasa ina joto kali kuliko misimu mingine. Unafunga kuanzia alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa kumi na tatu, huku ukibeba magunia chini ya paa la mabati na jasho likikutoka maji na chumvi pamoja. Isitoshe, lithiamu yenyewe huzifanya figo zipoteze maji kwa wingi, na kiu unayoihisi hata siku za kawaida ina sababu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja, nami nalishuku. Wapakiaji wengi ninaowahudumia hununua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo, na wengine huchomwa sindano ya diklofenaki kabisa. Dawa hizo hupunguza uwezo wa figo wa kuitoa lithiamu. Mgongo ukikuuma, tumia parasetamoli. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama vile enalapril, losartan na hidroklorothiazidi, nazo huongeza kiwango, basi usianzishiwe yoyote kabla ya kumwambia anayekuandikia kwamba unatumia lithiamu.

Kutetemeka kidogo kwa vidole ni jambo la kawaida kwa wanaotumia dawa hii na si hatari. Kutetemeka kunakomwaga uji, kukiandamana na kuharisha na kuyumba, hakuko katika kundi hilo. Hukupimwa wala sikukuona siku ile, lakini kwa maelezo yako nadhani ulikuwa ukielekea kwenye sumu. Kwa hiyo kutomeza kidonge usiku ule hakukuwa kosa. Ningekushauri hivyo hivyo, na pia uende hospitali siku hiyo hiyo upimwe damu na kutiwa maji ya mshipa. Kosa lilikuwa kukaa kimya wiki zilizofuata. Lithiamu ikikatwa ghafla, maradhi hurudi haraka na kwa nguvu, na hatari ya mtu kutaka kujidhuru huongezeka. Zile bodaboda tatu ni matokeo ya ugonjwa uliorudi, wala sioni haja ya kuyaita uzembe wala tamaa.

Je, ufunge mwaka huu? Kwa maoni yangu, usifunge. Wapo wagonjwa wa baipola wanaofunga kwa salama chini ya uangalizi, nami nimewasimamia kadhaa. Lakini huyo ni mtu ambaye vipimo vyake vimetulia kwa miezi mingi, anayefanya kazi kivulini, na ambaye hajawahi kupata dalili ulizozipata wewe. Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na ambaye hataweza analo jambo la fidia ya kumlisha maskini. Lipi kati ya hayo linakuhusu, muulize sheikh wako, na umpelekee maelezo ya daktari yaliyoandikwa ili asijibu kwa kukisia.

Hata usipofunga, nyumba nzima itabadilisha saa zake, na hapo ndipo penye hatari ambayo watu huisahau. Kukosa usingizi kunaweza kuiamsha mania kwa nguvu kuliko jambo lolote ninalolijua. Tarawehe, kisha barazani na kahawa hadi saa saba, kisha daku saa kumi: mtu wa kawaida huamka amechoka, lakini mwenye baipola huenda akaamka akijihisi mwepesi mno, na wepesi huo ndio wa kuogopwa. Nakuomba umeze dawa saa tatu usiku, ulale mapema, na umwombe mama asikuamshe kwa daku. Miraa na muguka usiziguse kabisa mwezi huo, na ingekuwa bora usiziguse mwezi wowote. Kahawa tungu nayo ina jambo lake: kafeini husaidia kuitoa lithiamu kwa mkojo, na mwenye kuzoea vikombe vingi akiacha kwa siku moja, kiwango chake huweza kupanda. Ukitaka kupunguza, punguza kidogo kidogo. Chumvi pia isibadilike ghafla. Kuhusu madafu, ambayo huulizwa kila mara, ni kinywaji kizuri, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayarudishi chumvi yote ya jasho.

Nikija kwa mama yako, sioni ugomvi kati ya kombe na lithiamu. Maji yaliyooshewa aya hayaingiliani na dawa, na mgonjwa aliyesomewa na watu wake akitulia moyo, mimi nimefaidika pia. Ninachokikataa ni mambo mawili: kuambiwa uache vidonge ili kombe lifanye kazi, na kupewa dawa za kuharisha au kutapisha za kusafisha mwili, kwa sababu hizo zitakupotezea maji na kukurudisha pale pale pa siku ya kumi na mbili. Njoo naye kliniki. Mara nyingi mzazi ndiye anayeona kwanza kwamba mtoto ameanza kusema haraka na kulala kwa muda wa saa tatu tu, na mnaweza kukubaliana mapema kwamba usiku wa pili wa namna hiyo ataichukua simu yako yenye mikopo, na wewe utaonwa na daktari kesho yake.

Shaabani ikiandama, nenda ukapimwe. Damu ya lithiamu huchukuliwa saa kumi na mbili baada ya kumeza. Ukimeza saa tatu usiku, fika saa tatu asubuhi, na kidonge cha siku hiyo kisitangulie. Si kila maabara hupima lithiamu, kwa hiyo piga simu kwanza. Omba pia kipimo cha figo, cha tezi ya shingo na cha kalsiamu, ambavyo ni vya kila miezi sita hata kama huumwi popote. Wiki moja ndani ya Ramadhani rudia kipimo cha lithiamu, na uende na karatasi yenye dawa zote ulizomeza mwezi huo, zikiwemo zile za mgongo ulizonunua bila ya kuandikiwa.