Asidi iliyogeuka besi kwenye daftari langu

Swali lilikuwa fupi: tafuta pH (namba ya kupimia uasidi: kwa kawaida chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi) ya asidi haidrokloriki yenye mkolezo wa moli 0.00000001 kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha wingi wa chembe). Nikahesabu sufuri, nikachukua logi, nikabadili alama, nikaandika 8 na kupiga mistari miwili chini ya jibu. Daftari liliporudi halikuwa na alama ya kosa. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umetia asidi kwenye maji, maji yakawa besi?"

Niliyasahau maji. Maji hayakai tu kungoja kutiwa kitu. Molekuli zake chache mno huwa zimegawanyika zenyewe, upande mmoja ioni (chembe yenye chaji) ya haidrojeni, upande wa pili haidroksaidi, na katika nyuzijoto 25 za Selsiasi lita moja ya maji safi ina moli 0.0000001 ya kila moja. Ni kidogo sana, lakini ni mara kumi ya asidi niliyokuwa nimepewa. Ukiyahesabu maji pia, jibu linakuja 6.98. Yaani bado asidi, ila kwa unywele.

Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa kikokotoo najiuliza kwanza jibu linapaswa kuangukia upande gani wa 7. Nakushauri nawe ufanye hivyo, maana kikokotoo hakina aibu, kitakupa upuuzi wenye desimali nne. Na hiyo 7 usiiabudu. Maji safi yanayochemka yana pH ya karibu 6.1 na bado si asidi, kwa sababu ioni za pande zote mbili zimeongezeka kwa pamoja na ziko sawa. Kinachofanya kitu kiwe katikati ni ulingano huo, na 7 ni namba yake kwenye nyuzi 25 tu.

Mizani ya pH yenyewe aliileta Søren Sørensen mwaka 1909, akiwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, kwa kuchoka, nadhani, na sufuri kama zile zilizoniponza. Ubaya wake ni kwamba inaficha ukubwa. Kutoka pH 6 hadi pH 3 macho yanaona hatua tatu, kumbe ioni za haidrojeni zimeongezeka mara 1,000.

Sasa nije kwenye jambo linalowapoteza watu wengi kuliko yote, na sehemu ya lawama ni ya lugha. Neno "kali" tunalitumia kwa kila kinachouma: jua kali, mbwa mkali, dawa kali. Kwa hiyo mtu akisikia "asidi kali" anawaza asidi itakayomchoma. Katika kemia neno hilo lina kazi moja tu: molekuli za asidi hiyo zikiingia majini, karibu zote zinaachia ioni ya haidrojeni. Asidi dhaifu inaachia kwa ubahili. Kukolea ni habari nyingine kabisa, ni kiasi gani cha asidi kimo ndani ya maji. Ndiyo maana asidi kali iliyozimuliwa sana inaweza kuwa mpole, na asidi asetiki, ambayo ni dhaifu, ikiwa imekolea sawasawa inababua ngozi.

Chukua chupa mbili zenye mkolezo ule ule wa moli 0.1 kwa lita, moja ya asidi haidrokloriki, nyingine ya asidi asetiki. Ya kwanza ina pH 1. Ya pili ni kama 2.9, kwa sababu katika kila molekuli 75 hivi ni moja tu iliyoachia ioni yake. Haya, ipi itahitaji haidroksaidi ya sodiamu, ambayo ni besi, nyingi zaidi ili iishe nguvu? Mimi niliapa ni ile kali. Nikapima mililita 25 za kila moja, nikafungua bureti (mrija wenye vipimo na koki ya kudondoshea besi), zote mbili zikanywa kiasi kile kile. Kadiri besi inavyonyakua ioni zilizo huru, molekuli zilizokuwa zimebana zinaachia nyingine, hadi akiba yote iishe. pH inakuonyesha zilizo huru sasa hivi. Akiba haionyeshi.

Usidanganywe na fomyula pia. Asidi asetiki ina haidrojeni nne, inayotoka ni moja. Methani nayo ina nne, na haitoi hata moja majini. Amonia haina haidroksaidi popote katika jina wala fomyula yake, ila inageuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya buluu, dalili ya besi, mbele ya macho yako. Maelezo ya mkemia Svante Arrhenius, kwamba besi ni kinachotoa haidroksaidi majini, yalikwama hapo kwenye amonia. Mwaka 1923 wanakemia Johannes Brønsted na Thomas Lowry, kila mmoja kivyake, wakasema jambo jepesi zaidi: asidi hutoa protoni (ndiyo ile ioni ya haidrojeni), besi huipokea. Amonia hupokonya maji protoni, na kinachobaki cha maji ndiyo hiyo haidroksaidi. Ukitaka kukariri kitu kimoja, kariri hicho.

Kwenye titresheni, yaani kudondoshea besi kwenye asidi mpaka ziishane nguvu, nina ushauri mmoja tu: heshimu tone la mwisho. Wenye haraka hufungua bureti ikatiririka, wakainua kichwa na kukuta flaski imekuwa zambarau ya kung'aa. Hiyo imeharibika, anza upya. Kwa mililita 25 za asidi haidrokloriki ya moli 0.1, ukishatia mililita 24.95 za haidroksaidi ya sodiamu ya mkolezo huo huo, pH ni 4. Ukifika 25.05 ni 10. Tofauti ni mililita 0.1, yaani matone mawili! Kwa hiyo tazama rangi. Mwanzoni waridi la fenolfthalini, kiashiria kinachobadilika rangi besi ikizidi, hutokea pale tone linapodondokea na kupotea papo hapo. Baadaye linakawia, linazunguka na maji kama uzi kabla ya kufifia. Likianza kukawia, funga bureti, ufungue kwa tone moja moja, na lile nusu tone linaloning'inia mdomoni liguse ukuta wa flaski ulishushe kwa maji safi. Weka karatasi nyeupe chini. Na ukiwa na asidi asetiki usitumie kiashiria kingine kiitwacho methili oranji. Yenyewe inamaliza kubadilika kwenye pH 4.4, wakati asidi hiyo inakamilika karibu na 8.7, kwa hiyo itakudanganya mapema sana.

Niliogopa asidi miaka yote, alkali (besi inayoyeyuka majini) nikaidharau. Asidi salfuriki iliyokolea nilikuwa naimimina kwa adabu zote, asidi ndani ya maji na kidogo kidogo, kwa kuwa nilijua ukimwagia maji juu yake yanaelea, yanachemka hapo hapo na kurusha asidi usoni. Lakini siku haidroksaidi ya sodiamu iliponidondokea kifundoni mwa mkono, sikushtuka. Haikuuma. Iliteleza tu kama sabuni, nikaifuta kwenye koti na kuendelea na kazi. Ule utelezi ulikuwa sabuni kweli: alkali ilikuwa inageuza mafuta ya ngozi yangu kuwa sabuni na kuchimba kwenda chini. Maumivu yalikuja baadaye, na doa lipo mpaka leo. Kwenye jicho ni hatari zaidi, kwa sababu alkali huendelea kupenya ndani, kwa hiyo miwani ya kinga ivae hata kama unachanganya "besi tu".

Ikikudondokea, usikimbilie kumwaga asidi ili zizimane. Kuzimana huko kunatoa joto, na utakuwa na majeraha mawili. Vua kilicholowa, weka mkono chini ya bomba linalotiririka, na uangalie saa: dakika 20, hata kama ngozi imeshaacha kuteleza kwenye dakika ya tano. Jicho likiguswa, lioshe huku kope umezishika wazi, na mtu mwingine atafute usafiri wa hospitali wakati wewe bado unaosha.