Chora Ramani na Nyumba za Majirani Ambazo Hazijajengwa

Mtaa uliopimwa juzijuzi unadanganya macho. Unafika kiwanjani, unakuta nyasi, vigingi vya mipaka na anga tupu pande zote, unatamani kila ukuta uwe kioo. Kama unajiandaa kujenga, nakusihi: chora nyumba yako kana kwamba viwanja vyote vinavyokuzunguka vimeshajengwa, tena ghorofa.

Msanifu aliyetuchorea sisi alianzia hapo. Kabla hajagusa sebule, alisoma masharti ya ujenzi ya mtaa: umbali wa kuacha toka mpakani, urefu wa mwisho wa jengo, sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa. Kisha kila upande akachora jengo kubwa kabisa ambalo jirani angeruhusiwa kusimamisha. Kiwanja chetu kikaonekana kimebanwa ghafla. Mwenzangu hakuipenda picha ile hata kidogo, lakini ndiyo iliyotupa nyumba tunayoifurahia leo.

Nyumba ikakunjwa kuzunguka ua wa ndani, na vioo vyote vikubwa vikafunguka uani. Kuta zinazotazama majirani zina madirisha membamba ya juu, yanayoanzia mita 1.8 kutoka sakafuni. Mwanga unaingia, hewa ya moto inatoka, na hatuhitaji pazia.

Ua wenyewe nao una adui, naye ni dirisha la ghorofani. Mtu aliyesimama ghorofa ya kwanza, jicho lake liko kama mita 4.6 kutoka ardhini. Ukuta wa uzio wa mita 2 haumzuii kitu. Mwombe msanifu achore mstari kutoka kwenye jicho hilo hadi unapotaka kukaa. Kwetu mstari uliangukia katikati ya meza ya kulia ya nje, basi paa likaongezwa upana upande ule na mti ukapandwa mapema. Jirani ameshajenga, na kibaraza chake kiko karibu pale pale tulipokichora.

Wanaopenda vioo hunitajia nyumba ya Farnsworth, yenye kuta za vioo, ya msanifu Mies van der Rohe, iliyokamilika mwaka 1951. Ni nyumba nzuri mno, nami naipenda. Ila imesimama peke yake kando ya mto huko Illinois, Marekani, na hata hivyo mwenye nyumba, Dk. Edith Farnsworth, alilalamika kwamba ndani yake anajisikia kutazamwa. Sembuse wewe ambaye jirani atakuwa mita chache tu kutoka kitandani kwako!

Jua la magharibi nalo lipangie mapema. Linakuja likiwa chini, kwa hiyo paa lililotokeza halilizuii. Panahitaji vizuizi vya wima, miti, au vyumba visivyokaliwa sana kama stoo na bafu. Usitegemee kivuli cha nyumba ya jirani, maana hujui atajenga lini.

Kuhusu kimo cha sakafu, usipimie barabara unayoiona leo. Mitaa mipya huanza na barabara ya vumbi, na ikija kuwekwa lami inaweza kupanda. Uliza ramani ya barabara na mifereji inaonyesha kimo gani cha mwisho, ndipo umwage msingi. Uliza pia kama kiwanja kilijazwa udongo wakati wa kusawazisha. Kama kilijazwa, pima udongo kwanza.

Mwisho ni paa. Kama unataka lile la zege lisiloonekana, mteremko usipungue sentimita 2 kwa kila mita, na ukuta unaolificha uwe na matundu ya akiba ya kutolea maji, endapo mabomba yataziba kwa majani. Kabla hujamlipa fundi wa kuzuia maji, ziba matundu yote, jaza maji juu, yaache siku mbili, kisha ingia ndani na tochi ukague slabu kwa chini, kona kwa kona.