Ukurasa wa 4 uliokuwa hewa

Vijana wanaokuja kwangu Nkuhungu, Dodoma, kufanya fildi huwa nawapa kwanza kazi moja: weka namba za kurasa chini ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti. Wengi hudhani ni kazi ya nusu saa. Mimi ilinikesha siku mbili, na mteja wangu, mkulima wa zabibu wa Hombolo, hakuacha kupiga simu.

Alitaka makala 6 tu, mbili mbili kwa mistari mitatu. Nikafungua index.php, faili la themu (mafaili ya muonekano wa tovuti) linalopanga ukurasa, nikaandika WP_Query yangu, yaani swali langu kwa hifadhidata, yenye posts_per_page (idadi ya makala kwa ukurasa) ya 6, nikachapa namba chini. Tovuti ilikuwa na makala 23, kwa hiyo namba zikatoka nne. Ukurasa wa 2 ukafunguka, wa 3 ukafunguka. Nikabonyeza 4: ukurasa haupatikani.

Hapa ndipo pa kuelewa taratibu. Kabla index.php ya themu haijaguswa, WordPress inakuwa imeshaiuliza hifadhidata swali lake yenyewe, kwa idadi iliyoko kwenye mipangilio ya Kusoma. Usipoibadilisha, idadi hiyo ni 10. Makala 23 kwa kumi kumi ni kurasa 3, basi. Anayeomba ukurasa wa 4 anarudishwa getini na 404, yaani ukurasa haupatikani, hata swali langu la pili halijafikiwa. Namba zangu zilikuwa zinahesabu kwa sita, mlinzi anahesabu kwa kumi.

Kama unataka idadi moja tovuti nzima, badilisha hiyo mipangilio ukanywe chai yako. Lakini itagusa pia kurasa za kategoria na matokeo ya utafutaji. Ukitaka ukurasa wa mwanzo peke yake, usiongeze swali la pili. Lishike la kwanza kabla halijaulizwa. Hii inakaa kwenye functions.php, faili la themu linalosomwa kabla ya swali hilo:

add_action('pre_get_posts', function ($q) {
    if (!is_admin() && $q->is_main_query() && $q->is_home()) {
        $q->set('posts_per_page', 6);
    }
});

Lile sharti refu la katikati ndilo wageni hupenda kulifupisha. Usilifupishe. Bila is_main_query, maswali mengine madogo ya ukurasa nayo yanaweza kubadilishwa, kisha unashangaa orodha ya pembeni imepungua. Chini ya makala, the_posts_pagination() inatosha. Maneno ya vitufe yaandike mwenyewe: "Makala mpya" na "Makala za zamani". "Nyuma" na "Mbele" humchanganya msomaji, maana habari ya jana iko nyuma kwa tarehe ila iko mbele kwa kurasa.

Functions.php iwe ya themu mtoto, ile ndogo inayorithi themu yenyewe. Niliwahi kuandika kwenye themu yenyewe, ikaja kusasishwa, kazi yote ikafutika. Na fungua faili kupitia meneja wa faili wa seva, usiihariri ndani ya dashibodi. Mabano moja likisahaulika, unataka uwe na njia ya kurudi.

Kuna wakati swali la pili halikwepeki, mfano ukurasa wa mwanzo ukiwa ule usiobadilika na makala ni sehemu yake tu. Hapo namba ya ukurasa haiji kwa jina la paged, inakuja kwa jina la page. Usipoipokea, kila kitufe kitaonyesha makala zilezile sita, na utalaumu kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa kwa muda) bure. Offset, yaani idadi ya makala za kurukwa mwanzoni, nayo ni mtego wa aina hiyo: ukiiweka, paged inapuuzwa, kwa hiyo itabidi utoe 1 kwenye namba ya ukurasa, uzidishe mwenyewe kwa idadi ya makala, kisha ujumlishe zile za kurukwa.

Ukimaliza, usijaribu ukurasa wa 2 ukatosheka. Nenda wa mwisho, uhesabu kwa kidole: 23 kwa sita sita, wa mwisho unabaki na 5. Ukikuta wa kwanza una 7, usianze kuvunja msimbo. Pengine mteja amebandika makala ya zamani juu, nayo huongezwa juu ya zile sita. Mpigie umuulize.