Nywila iliyobandikwa ukutani

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wilayani Rungwe. Majina, namba za simu na malipo ya wanachama vimo katika kompyuta moja, na nywila yake imebandikwa ukutani. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu Katibu, bandueni karatasi hiyo leo, mbadilishe nywila, na kila mtumishi apewe ya kwake, ili ijulikane ni nani aliyegusa hesabu za mkulima. Kila jioni wekeni nakala katika diski ya nje, kisha ichomoeni na kuifungia mbali na ofisi, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fedha huifikia pia diski iliyoachwa imechomekwa. Jaribuni kuifungua nakala hiyo mara kwa mara, mwone kama inasomeka. Taarifa hizo ni za wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka mzilinde; msimpe mfanyabiashara yeyote orodha ya namba zao bila ridhaa yao.